Buku wa Turiani: Habari za Mnyama, Jina Lake na Msitu Wake

Msafiri atokaye mjini Morogoro kwenda kaskazini hupita Dakawa, huiacha barabara ya Dodoma pale Magole, kisha huingia katika nchi ya bonde yenye mpunga na miwa hata afikapo Turiani, chini ya Milima ya Nguru. Upande wa magharibi milima hiyo husimama kama ukuta, na juu yake wingu halikosi kwa siku nyingi za mwaka. Mito ya Diwale na Mkindo hutelemka kutoka katika msitu wa huko juu, hunywesha mashamba ya wakulima, kisha maji yake huingia katika mto Wami uendao baharini. Nchi hii ni ya Wanguu tangu zamani, wakipakana na Wazigua upande wa mashariki na Wakaguru upande wa magharibi. Tena imepokea wageni wengi: mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu waliojenga misheni ya Mhonda mwaka 1877, na baadaye watu wa makabila mbalimbali waliokuja kutafuta kazi katika mashamba ya miwa ya Mtibwa.

Katika msitu huo, na katika vichaka na mashamba yaliyouzunguka, yumo mnyama ambaye watu wengi humjua kwa shimo lake kuliko kwa sura yake, kwa kuwa hutoka usiku. Huyo ndiye buku, au kama wengi wasemavyo siku hizi, panya buku. Kwa muda mrefu hakuwa na sifa nyingine ila ya wizi wa mihogo, mahindi na karanga. Lakini tangu mwaka 2000 jina la Morogoro limeenea duniani kwa ajili yake, na mnyama aliyefukuzwa shambani amepata heshima ambayo simba na tembo hawakuipata.

Habari zake zastahili kuangaliwa na wenye elimu ya lugha kama zinavyoangaliwa na wenye elimu ya wanyama, kwa sababu mambo yake mengi yametegemea jina. Orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini yamhesabu buku kuwa mnyama asiye na hatari ya kutoweka. Hukumu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, hukumu ya namna hiyo hutolewa juu ya jina, wala haitolewi juu ya msitu. Na historia ya buku yaonyesha jinsi jina moja liwezavyo kufunika mambo mengi yaliyo tofauti.

UMBO NA MWENENDO WAKE

Buku ni mnyama wa jamii ya wagugunao. Aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.5, na mara nyingine zaidi. Tangu pua hata ncha ya mkia aweza kupata sentimeta 75 au kupita, na mkia peke yake huchukua nusu ya urefu huo au zaidi. Mkia huo ni mtupu usio na manyoya, na sehemu yake ya mwisho ni nyeupe, alama ambayo humtambulisha mara moja mbele ya panya wengine. Macho yake hayana nguvu, bali pua yake ni kali mno, na kwa pua hiyo hutafuta chakula chake gizani: matunda yaliyoanguka, kokwa, mizizi, wadudu na konokono.

Ndani ya mashavu yake mna mifuko miwili. Apatapo chakula kingi hali chote pale pale. Huijaza mifuko hiyo hata kichwa kikaonekana kimevimba, kisha hurudi kumwaga mzigo wake chini ya ardhi. Shimo la buku lina vyumba: kimoja cha kulala, vingine vya akiba. Waswahili husema kwamba panya wengi hawachimbi shimo, na buku ni kama aliyeisikia methali hiyo, kwani hukaa peke yake, isipokuwa mama aliye na watoto. Hachukui mimba muda mrefu. Baada ya kadiri ya mwezi mmoja huzaa, na aghalabu watoto huwa wanne. Akifugwa vizuri aweza kuishi miaka 8, umri mkubwa sana kwa mnyama wa jamii yake.

Jambo moja humfunga na msitu au na kivuli: hastahimili joto kali. Mchana hujificha shimoni palipo na ubaridi, na nchi kavu isiyo na miti haimfai. Ndiyo sababu milima yenye mvua, kama Nguru na Uluguru, ni makao yake mema, na ndiyo sababu hukaa pia kando ya mashamba yenye migomba na miembe, ambapo kivuli hupatikana na chakula hakiko mbali.

Katika msitu kazi yake si kula tu. Akiba nyingine haiweki shimoni, bali huifukia hapa na pale chini ya majani makavu. Nyingine huirudia; nyingine huisahau, au yeye mwenyewe hufa kabla ya kuirudia, na mbegu hizo huota. Mwaka 2011 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, ambao ulionyesha kwamba buku wa huko huchukua mbegu kubwa za mti uitwao Carapa grandiflora na kuzifukia mbali na mti mama. Milima ya Nguru na Uluguru nayo ina miti ya mbegu kubwa zisizopeperushwa na upepo wala kumezwa na ndege wadogo; mmoja wao ni msambu, ambao mbegu zake zina mafuta mengi na ambao hauoti po pote duniani ila katika milima ya namna hii ya Tanzania. Mti wa aina hiyo wahitaji mchukuzi, na mahali ambapo wanyama wakubwa wamekwisha windwa, wachukuzi waliobaki ni wachache.

Tena buku mwenyewe ni makao ya kiumbe mwingine. Katika manyoya yake huishi mdudu mdogo asiye na mabawa wala macho, ambaye wanachuoni humwita Hemimerus na ambaye alipewa jina hilo mwaka 1871. Mdudu huyo hazai mayai kama wadudu wengi, bali huzaa watoto walio hai, na hawezi kuishi ila juu ya mwili wa buku na wa ndugu zake wa karibu. Basi amhesabuye buku mmoja huwahesabu wengi pamoja naye bila kujua.

JINA LA KISWAHILI

Neno buku ni la zamani katika Kiswahili. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, aliliandika katika kitabu chake cha mafundisho ya lugha kilichotoka mwaka 1870, akilifasiri kuwa panya wa aina kubwa sana. Kamusi iliyotolewa mwaka 1939 kwa kazi ya Frederick Johnson na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ililishika kwa maana hiyo hiyo. Yafaa kuangalia kwamba katika vitabu hivyo buku husimama peke yake, kama vile ndezi, nungu, fuko na kindi wasimamavyo peke yao. Kwa msemaji wa zamani buku alikuwa buku, kama nungu alivyo nungu.

Siku hizi wengi husema panya buku. Mtungo huo ni wa Kiswahili safi, kwani lugha hii hupenda kutanguliza jina la jamii na kufuatisha jina la aina: nyoka chatu, samaki nguru, embe dodo. Wanachuoni wa Ulaya walifanya kanuni ya majina mawili ya wanyama katika karne ya 18; Waswahili walikuwa na desturi iliyokaribiana nayo katika soko la samaki na chini ya mwembe. Hata hivyo, kuongezwa kwa neno panya kumeleta badiliko katika fikira. Mtu wa mjini, ambaye hamjui mgugunaji mwingine ila panya wa dari, humwona buku kuwa ni panya yule yule aliyenenepa. Na huenda haja ya kumwongezea neno panya ilikuzwa na neno buku lenyewe kujaa maana nyingine: buku la kuandikia, lililotoka Kiingereza, na buku ya vijana wa mjini, yaani shilingi 1,000. Mnyama asiyeonekana mchana hawezi kushindana na noti.

Kwa hakika buku si panya kwa nasaba. Panya wa nyumbani na panya wa shambani ni wa ukoo mmoja mkubwa ulioenea Asia, Ulaya na Afrika. Buku ni wa ukoo mwingine, wenye matawi Afrika na Bukini, na walio karibu naye zaidi ni wanyama wawili wenye mifuko ya mashavuni kama yeye. Mmoja wao, aitwaye Beamys hindei, ni mdogo sana kuliko buku na hukaa katika misitu ya pwani na ya milima ya Kenya na Tanzania. Mtaalamu Oldfield Thomas wa London alimpa jina mwaka 1909 kwa mfano uliotoka Taveta. Kadhalika yupo sange, mwenye pua ndefu, ambaye watu wengi humtia katika panya kwa udogo wake. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba yu karibu zaidi na tembo na pimbi kuliko na panya ye yote. Kiswahili cha zamani, kwa kumpa kila mmoja wa hawa jina lake peke yake, hakikukosea.

Mfano mwingine waonekana pale pale Turiani. Katika miwa ya bondeni mnyama mkubwa mgugunaji ni ndezi, apendaye nyasi ndefu na aogopwaye na wenye miwa kila mahali. Mkulima wa bondeni hutofautisha ndezi na buku kwa jina, kwa njia na kwa meno yalivyoacha alama. Mgeni huwaita wote wawili panya wakubwa, na kwa kuwaita hivyo hupoteza habari ya kwanza iliyo muhimu: mmoja hufuata nyasi zilizo wazi, mwingine hufuata kivuli cha miti.

MAJINA YA WANACHUONI

Wanachuoni nao walipata shida ya jina. Mwaka 1840 Mwingereza Waterhouse alieleza mnyama wa Afrika ya Magharibi na kumwita Cricetomys gambianus, yaani wa Gambia. Katika miaka iliyofuata mifano mingi ilipelekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na kila mfano uliotofautiana kidogo kwa rangi au kwa fuvu ulipewa jina jipya. Mwaka 1904 Oldfield Thomas alimpa mnyama wa Angola jina la ansorgei kwa heshima ya William John Ansorge, daktari aliyekusanya wanyama na ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Uganda. Mwaka 1910 akatajwa mwingine wa misitu ya Kongo kwa jina la emini, ukumbusho wa Emin Pasha.

Majina yalipokuwa mengi kupita kiasi, yakapunguzwa. Mwaka 1967 mtaalamu wa Kifaransa Genest-Villard aliyapitia yote akayafanya kuwa aina mbili tu: wa gambianus, akaaye hasa katika nchi za wazi, na wa emini, akaaye msituni. Kwa hukumu hiyo buku wa Morogoro, wa Nguru na wa pwani wote wakawa ni wa Gambia, ijapokuwa hapakuwa na bahari wala mto uliowaunganisha na Gambia. Kwa karibu miaka 40 vitabu vilifuata hivyo. Mwaka 2005 orodha kuu ya wanyama wanyonyeshao ilirudisha aina nne, na buku wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini akarudishiwa jina la ansorgei. Mwaka 2012 uchunguzi wa vinasaba na wa mafuvu ulionyesha kwamba hata hesabu hiyo ni ndogo, na kwamba chini ya majina machache zimejificha aina nyingine.

Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni mabishano ya makabatini tu. Sivyo. Mwaka 2003 wanyama waliosafirishwa kutoka Ghana, na miongoni mwao panya wa Gambia, walipeleka Marekani ugonjwa wa ndui ya nyani. Serikali ya huko ikapiga marufuku kuingizwa kwa wagugunaji wote wa Afrika. Wakati huo huo buku wa Morogoro alikuwa akijifunza kazi ya kuokoa maisha ya watu, naye vitabuni akiitwa kwa jina lile lile la mshitakiwa. Jina huchukua sifa, na huchukua lawama vile vile.

BUKU CHUONI MOROGORO

Elimu ya panya ni ya zamani mjini Morogoro. Panya shamba, ambaye katika miaka mingine huongezeka ghafula na kumaliza mahindi yaliyopandwa, aliwafanya watu wa kilimo kutafuta kanuni ya kuongezeka kwake. Kazi hiyo ilikuzwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, kwa ushirikiano na wataalamu wa Ubelgiji. Heshima ya kazi hiyo yaonekana katika majina. Mwaka 2007 jina moja la panya wa milimani, lililokuwa limejumlisha wanyama mbalimbali, liligawanywa, na aina mpya za Tanzania zikaitwa kilonzoi, machangui, makundii na sabunii, kwa ukumbusho wa wataalamu wa Morogoro. Majina ya Kiafrika yakaingia katika daftari ambalo kwa zaidi ya karne moja na nusu lilijaa majina ya maofisa na madaktari wa Kizungu.

Katika mwaka 1995 Mbelgiji Bart Weetjens alianza kufikiri juu ya kutumia panya kutafuta mabomu yaliyotegwa ardhini. Shirika la APOPO likaundwa mwaka 1997 nchini Ubelgiji, na mwaka 2000 likahamia Morogoro, katika chuo hicho cha Sokoine. Buku alichaguliwa kwa sababu nne: pua yake, umri wake mrefu ambao haupotezi gharama ya mafunzo, afya yake katika nchi yake mwenyewe, na wepesi wake. Bomu lililotegwa kulipuka chini ya mguu wa mtu halilipuki chini ya mnyama wa kilo moja. Mafunzo huanza mtoto angali mdogo, kwa sauti ndogo ya mlio na kipande cha ndizi. Anusapo baruti hukwaruza ardhi, kisha hupata malipo yake. Kiwanja cha meta za mraba 200 ambacho mtu mwenye chombo cha kutambua chuma aweza kukipima kwa siku kadhaa, buku hukimaliza kwa nusu saa, kwa kuwa hajali misumari wala makopo. Hujali harufu ya baruti peke yake.

Mwaka 2004 mabuku wa kwanza walifaulu majaribio ya kanuni za kimataifa, wakaenda kufanya kazi Msumbiji, nchi ambayo vita virefu viliijaza mabomu na ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imesafishwa. Wengine walipelekwa Kambodia. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwezi wa Novemba 2013, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Hata wakati huo alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 39 na silaha nyingine 28 zisizolipuka. Hakuna panya aliyepata nishani hiyo kabla yake. Alikufa Januari 2022. Mwingine aitwaye Ronin alitangazwa mwaka 2025 kuwa amempita, kwa mabomu 109. Kazi ya pili ni ya hospitali: buku hunusa makohozi na kuonyesha yaliyo na kifua kikuu, naye aweza kupitia vipimo 100 kwa dakika 20, kazi ambayo humchukua mtu wa maabara siku kadhaa. Wagonjwa wengi waliokuwa wameambiwa hawana ugonjwa wamegunduliwa kwa njia hiyo.

Katika nchi nyingine buku alikwisha pata kazi tofauti. Nigeria wataalamu walijaribu tangu miaka ya 1970 kumfuga kwa ajili ya nyama, kwa kuwa katika Afrika ya Magharibi nyama yake hupendwa sana. Morogoro ilimpa kazi ya pua, na kwa kazi hiyo mnyama wa porini akawa kama mtumishi wa serikali. Lakini nasaba ya mabuku wa chuoni ni ya mwituni. Wazazi wao wa mwanzo walitegwa, hawakuumbwa maabarani.

HALI YA MNYAMA NA HALI YA MSITU

Basi yarudi swali la mwanzo. Muungano wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, katika orodha yake iitwayo Nyekundu, umemweka buku katika daraja la wanyama wasiotiliwa wasiwasi, kwa kuwa ameenea nchi nyingi, ni wengi, na hukaa hata mashambani. Mtu asomaye hukumu hiyo mezani aweza kufikiri kwamba makao yake nayo ni salama.

Habari za Nguru zafundisha vinginevyo. Wachunguzi walioutembelea msitu wa Nguru Kusini, juu ya Turiani, katika miaka ya 2000, walikuta kwamba adui mkubwa wa msitu hakuwa shoka la mbao wala moto, bali iliki. Iliki hupenda kivuli. Mkulima hahitaji kukata miti mikubwa. Hufyeka miti michanga na vichaka vya chini, akapanda iliki yake chini ya dari ya majani. Kwa mtu aliyesimama Turiani akitazama juu, msitu ni mzima na kijani chake hakikupungua. Ndani yake hapana mche. Mti mkubwa uangukapo hakuna wa kuurithi, na iliki ikichoka baada ya miaka, mkulima husogea mbele. Huo waitwa msitu kwa jina, nao umekwisha kuwa shamba lenye miti mizee.

Mahali pa namna hiyo buku aweza kubaki. Atapata kivuli, atapata mashamba jirani ya kuiba, na hesabu yake haitapungua upesi. Lakini mbegu azifukiazo zitafyekwa zikiota, na kazi yake ya kupanda miti itakuwa bure. Wala wanyama wote hawana ustahimilivu wake. Mwaka 2005 wataalamu Carleton na Stanley walionyesha kwamba panya mmoja wa miti wa Milima ya Tao la Mashariki, aliyekuwa akihesabiwa pamoja na wa nchi za mbali, ni aina ya peke yake, wakamwita Hylomyscus arcimontensis. Kabla ya mwaka huo kupotea kwake kusingalihesabiwa kuwa hasara, maana jina lake lilikuwa limefunikwa na la mwingine. Hatari ya jina pana ni hiyo: mwenye kuenea humficha asiyeenea, na wingi wa mmoja huandikwa kuwa usalama wa wote.

Serikali haikukaa bure. Misitu ya Uluguru iliunganishwa mwaka 2008 kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia, na msitu wa Nguru Kusini leo umo katika hifadhi ya Mkingu. Lakini historia ya Morogoro yaonya kwamba amri peke yake haitoshi. Katika mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia ilikuwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kazi ililetwa kwa shuruti, bila kuzingatia udongo wa mahali wala maarifa ya wenyeji. Mwaka 1955 kukatokea ghasia huko Matombo, na mpango ukaachwa. Wakulima wa iliki wa Nguru nao wana watoto wa kusomesha, na iliki huuzwa kwa bei ambayo mahindi hayaifikii. Hifadhi isiyoweza kumjibu mkulima huyo itapata mipaka kwenye ramani kabla ya kuipata msituni.

Wakulima hao ndio wajuao pia jambo ambalo orodha ya kimataifa haina: ni shimo gani lenye mwenyewe na lipi limehamwa, ni mti gani ambao mbegu zake hukutwa zimefukiwa, ni bonde lipi ambalo buku alikuwako zamani za baba na sasa hayuko. Maarifa hayo yamo katika Kinguu, Kizigua, Kikaguru na Kiluguru, na yamefungwa katika majina ya wanyama, ya miti na ya mahali. Wakusanyaji wa karne ya 19 walichukua ngozi na mafuvu, wakayapa majina ya Kilatini, wakawaacha wenyeji na majina yao. Kamusi za Kiswahili ziliyachukua machache, nazo zilikuwa zikitazama pwani zaidi kuliko milima. Kazi ya kuyakusanya majina hayo pamoja na maelezo yake ni kazi ya wanafunzi wa lugha, na yafaa ifanywe wakiwapo wazee waliolima chini ya msitu huo kabla ya iliki kuingia ndani yake. Mwanafunzi wa wanyama atakayepanda Nguru akiwa na orodha ya namna hiyo mkononi ataweza kuuliza, katika kila kijiji, habari ya kila mnyama kwa jina lake, wala hatajibiwa kwamba wote ni panya.